Kifaa cha GPS kwenye gari la kazi: jinsi ya kukichagua na kukitumia Kisumu na magharibi

Mimi husambaza dawa za mifugo na chanjo za kuku kutoka Kisumu. Leo niko Siaya, kesho Vihiga na Kakamega, keshokutwa Nandi Hills au Homa Bay. Chanjo ya Newcastle, ile ya kideri, hukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selisiasi. Kasha la barafu lina saa zake, na barafu haimngojei dereva anayesimama kila stegi ya boda kuuliza kwa fulani ni wapi. Chanjo ikipata joto, mama wa watu atachanja na kuku watakufa vilevile. Kwa hiyo habari za kutafuta njia nazichukulia kwa uzito.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba kifaa cha GPS cha gari kilitengenezwa kwa nchi ambazo nyumba zina namba na barabara zina majina. Mtu wa London anaandika namba ya nyumba na mtaa, kifaa kinampeleka mlangoni. Hakuna mtu wa Gem au Emuhaya anayeishi nyumba namba 14. Anaishi nyuma ya kanisa, baada ya mwembe, kabla ya posho mill. Hivyo ukinunua kifaa ukitegemea kitajua nyumba za watu, utakitupa kwenye droo baada ya mwezi mmoja. Ukikinunua ili ukijaze alama zako mwenyewe za mahali walipo wateja, kitakuwa chombo cha kazi kuliko kitu chochote kingine ndani ya gari. Yote ninayosema hapa chini kuhusu kuchagua na kutumia yanatokana na hilo.

Simu au kifaa?

Ndani ya mji, simu inashinda. Msongamano wa Kondele jioni simu inauona kwa sababu inapata habari za mwendo kutoka kwa simu za watu wengine walio barabarani. Kifaa cha GPS hakina habari hizo, na zile huduma za trafiki zinazotangazwa kwenye boksi zilitengenezewa masoko ya Ulaya na Marekani. Usiongeze hata shilingi kwa ajili yake.

Ukishatoka mjini hali inageuka. Jua la Ahero saa nane mchana linachemsha simu iliyo kwenye kioo mpaka inajizima yenyewe. Mteja anapiga wakati uko kwenye kona, ramani inafunikwa na simu inayoingia. Bonde likizama, mtandao unapotea na ramani inabaki kijivu. Kifaa cha GPS hakihitaji bando wala laini. Kinapokea tu mawimbi ya setilaiti zilizo kama kilomita 20,200 juu ya dunia, na kikishasikia nne kwa pamoja kinajua kiko wapi. Mfumo huo wa GPS, ambao ni wa Marekani, ulikamilika 1995, na Mei 2000 serikali yao iliondoa kosa la makusudi lililokuwa likiwekwa kwenye mawimbi ya raia. Tangu hapo, mahali palipo wazi, kifaa cha kawaida kinakosea mita chache tu. Vifaa vipya vinasikia pia setilaiti za Urusi, Ulaya na China, na hilo linasaidia ukiwa katikati ya vilima vya Nandi.

Kabla hujatoa pesa, jaribu hivi: chukua simu ya zamani, toa laini, pakua programu ya ramani ya Organic Maps au OsmAnd pamoja na ramani ya Kenya kwenye Wi-Fi, kisha endesha nayo wiki nzima. Ikikutosha, baki nayo. Namba za mahali na alama nitakazozieleza zinafanya kazi humo pia.

Unapochagua

Muuzaji ataanza na ukubwa wa skrini. Muulize kwanza kama kifaa kinakubali ramani kutoka nje. Vifaa vingi vya magari vya kampuni ya Garmin vina nafasi ya kadi ya kumbukumbu na vinakubali ramani za bure zilizotengenezwa kutoka OpenStreetMap, ile ramani ya dunia inayochorwa na wenyeji wenyewe tangu 2004. Vinakubali pia ramani ya kulipia ya Tracks4Africa, ambayo ni nzuri kwa watu wa safari ndefu za mbugani na mipakani. Vya kampuni ya TomTom ni imara na sauti yake ni safi, lakini vinasoma ramani za TomTom peke yake. Ramani hiyo isipokijua kijiji chako, hakuna la kufanya. Kwa kazi ya magharibi mimi ningemshauri mtu yeyote achukue kinachopokea ramani ya nje, hata kama skrini yake ni ndogo.

Jambo la pili ni kama kinakubali kuandikiwa latitudo na longitudo, yaani zile namba za mahali. Kiwashe pale pale dukani ufungue menyu ya kutafuta mahali. Usipoiona sehemu ya kuandika namba hizo, rudisha kwenye rafu.

Kwa skrini, inchi 5 inatosha pikapu au probox. Dereva wa lori anayekaa mbali na kioo achukue 7. Mwenye lori aangalie pia chaja: malori mengi yanatumia volti 24, na chaja iliyoandikwa volti 12 peke yake itaungua. Tafuta iliyoandikwa 12–24V.

Vifaa vya mtumba viko vingi, na vingine ni vizuri kabisa. Vya zamani vina ugonjwa mmoja unaotambulika kwa macho. Mfumo wa GPS huhesabu wiki hadi 1024 kisha hurudi sifuri, na mara ya mwisho ulirudi Aprili 2019. Kifaa ambacho programu yake haikusasishwa kinaonyesha tarehe ya karibu miaka 20 nyuma. Mahali kinaweza kukupa sawa, lakini saa ya kufika na kumbukumbu zake hazina maana. Ukiiona tarehe ya aina hiyo, uliza kama mtengenezaji bado anatoa programu mpya ya modeli hiyo kabla ya kukubaliana bei. Umri wa ramani nao upime hapo hapo: tafuta Expressway ya Nairobi, iliyofunguliwa 2022. Kama haipo, ramani ni ya kabla ya hapo. Na kama barabara ya Nakuru kwenda Eldoret bado inaitwa A104 badala ya A8, ni ya zamani zaidi.

Kuna wanaoniuliza kuhusu navi, ule mfumo wa ramani uliojengwa ndani ya gari, iliyokuja na gari kutoka Japani. Skrini ni kubwa, inapendeza, inaongea Kijapani, na saa yake iko mbele ya yetu kwa saa 6. Ramani iliyomo ni ya Japani, na mifumo hiyo mingi haikuundwa kupokea ramani ya nchi nyingine. Fundi akikwambia atakuwekea ramani ya Kenya, mwambie akuonyeshe gari lingine la modeli hiyo hiyo alilolifanyia kazi, uione Kisumu kwenye skrini, ndipo umlipe.

Kuweka ramani ya bure

Hapa naongea juu ya Garmin. Kwenye kompyuta, pakua faili ya ramani ya Kenya iliyotengenezwa kwa ajili ya Garmin kutoka data ya OpenStreetMap. Kwa kawaida jina lake ni gmapsupp.img. Chukua kadi ndogo ya kumbukumbu. Kwa vifaa vya zamani usizidi GB 32, nayo iwe imeformatiwa FAT32. Tengeneza folda iitwayo Garmin ndani ya kadi (kwenye modeli kadhaa mpya huitwa Map) na uweke faili humo. Chomeka kadi kifaa kikiwa kimezimwa.

Kisha ingia kwenye mipangilio ya ramani, tafuta myMaps, uwashe ramani mpya na uzime ile ya zamani ya Afrika iliyokuja nacho. Wengi wanaacha zote mbili zikiwaka, halafu wanalalamika kwamba ramani mpya haionekani. Ile ya zamani inaifunika.

Siku ya kwanza usikiwashe ndani ya gereji ya mabati ukaanza kuendesha. Kifaa kilichokaa muda mrefu kimezimwa, au kilichotoka ng'ambo, kinahitaji kupakua upya orodha ya setilaiti zote kutoka angani, na orodha hiyo huchukua dakika 12 na nusu kupita. Kiweke mahali wazi, gari limesimama, unywe chai. Baada ya hapo kitakuwa kinaamka kwa muda mfupi. Kikisumbua kila siku, angalia kioo cha gari: tinti yenye chembe za chuma huzuia mawimbi.

Namba za mahali, na ikweta

Sehemu hii isome polepole, kwa sababu kwa dereva wa magharibi ndiyo yenye hatari kuliko zote.

Sisi tunaishi juu ya ikweta. Ukitoka Kisumu kwenda Kakamega unaivuka, ukienda Busia unaivuka pale Maseno, na mchana unaweza kurudi ng'ambo hii tena. Kusini mwa ikweta latitudo ina alama ya kutoa au herufi S. Kaskazini haina alama, au ina N. Kisumu mjini ni kama -0.10, 34.75. Sahau ile alama ya kutoa, na kifaa kitakupeleka 0.10 kaskazini, kilomita 22 kutoka unakotaka, upande wa Mbale ya Vihiga. Kakamega ni kama 0.28, 34.75. Iongezee kutoa kwa bahati mbaya na utaelekezwa kilomita zaidi ya 60 kusini, upande wa ghuba, kuelekea Nyakach. Dereva wa Nairobi au wa Dar es Salaam yuko kusini siku zote, na kosa kama hilo angelishtukia mara moja kwa sababu lingemtupa mbali kabisa. Kwetu kosa linaangukia mahali panapofanana na ukweli: kuna barabara, kuna soko, kuna shule. Ndiyo sababu linapita bila kuonekana.

Mtego wa pili ni namna ya kuandika. Namba zinaandikwa kwa njia tatu: nyuzi zenye desimali (0.2800), nyuzi na dakika (0°16.8'), au nyuzi, dakika na sekunde. Zote tatu ni mahali pamoja. Lakini mtu akikutumia 0.28 nawe ukaandika nyuzi 0 dakika 28, umejisukuma kilomita 20 kaskazini ya Kakamega, usawa wa Malava. Weka kifaa kwenye nyuzi zenye desimali na usikibadilishe tena, kwa sababu WhatsApp na ramani za simu zinatumia namna hiyo hiyo.

Idadi ya tarakimu nayo ina maana. Mbili baada ya nukta zinakupa usahihi wa kilomita moja hivi, nne zinakupa kama mita 11. Ukisomewa namba kwa simu, kataa zilizo pungufu ya nne.

Namna ya kuzipata kwa mteja ni rahisi. Namwambia, "Mama, simama pale banda la kuku lilipo, washa location, uhesabu mpaka ishirini, halafu unitumie kwa WhatsApp." Kule kuhesabu si mchezo. Simu ikitoka ndani ya nyumba ya mabati mara ya kwanza inakisia kwa minara ya mtandao, na inaweza kukosea kijiji kizima. Ikikaa nje kidogo inapata setilaiti. Akinitumia, nafungua, nabonyeza ile alama mpaka namba zitokee, naziandika kwenye kifaa, kisha naangalia mji wa karibu unaoonyeshwa. Akiwa ni mama wa Chavakali na kifaa kinasema Kisumu, najua ni alama ya kutoa.

Usitafute kwa jina la mji peke yake. Kuna Luanda ya Vihiga kwenye barabara ya Busia, na kuna Luanda Kotieno ufuoni mwa ziwa kule Rarieda. Kuna Mbale ya Vihiga na Mbale ya Uganda. Kifaa kitakuletea orodha, na kidole kinachoharakisha kitachagua cha juu. Soma kilomita zilizoandikwa pembeni kabla ya kubonyeza.

Kukifunga garini

Safisha kioo kwa spiriti kabla ya kubandika. Usukani wetu uko kulia, kwa hiyo weka kifaa chini kwenye kona ya kulia, au chini katikati, mahali ambapo macho yanashuka kidogo tu kutoka barabarani. Kisiwe mbele ya mfuko wa hewa wala kisifunike watoto wanaovuka. Waya upite pembeni, mbali na gia. Ukiegesha, kitoe pamoja na kishikio chake, maana betri haipendi joto la gari lililofungwa na vijana wa kuvunja vioo wanakipenda sana.

Mipangilio ya njia

Kilomita, upande wa kushoto wa barabara, njia ya haraka. Usichague njia fupi. Ukitaka Nandi Hills kwa njia fupi, kifaa kitakuingiza kwenye vijia vya trekta katikati ya mashamba ya miwa ya Chemelil na Muhoroni, ambavyo kwenye ramani ni mistari kama mingine. Miwa ikiwa imekomaa huoni mbele wala pembeni, na mvua ikinyesha pale ni udongo mweusi wa kunata.

Kivuko nacho kifikirie. Ukiwa Kisumu ukaomba Mbita, kifaa kinaweza kukupeleka Luanda Kotieno ukavuke kwa feri. Ni njia nzuri kama unajua saa za feri na nafasi ya gari ipo. Kama hujui, zima vivuko kwenye mipangilio, nacho kitakuzungusha kwa Katito, Kendu Bay na Homa Bay.

Mwezi wa nne, mvua zikiwa zimekolea, mimi huwasha ile ya kuepuka barabara zisizo na lami. Ielewe lakini: inaepuka tu barabara ambazo mchoraji wa ramani aliandika kuwa ni za changarawe. Ambayo haikuandikwa kitu, kifaa kinaweza kuichukulia kuwa ni lami.

Barabarani

Ukifika mahali penye barabara ya juu kama Kondele, kifaa hakitambui vizuri kama uko juu au chini. Kitasema pinda kushoto mahali ambapo kushoto ni ukuta wa daraja. Pale fuata vibao.

Tatizo linalonipa kazi zaidi ni mto. Kifaa kikipewa namba za shamba lisilo na barabara kwenye ramani, kinachagua barabara iliyo karibu zaidi kwa mstari ulionyooka, basi. Shamba likiwa ukingoni mwa Yala na barabara ya karibu iko ng'ambo, kitakupeleka ng'ambo, kitatangaza umefika, nawe utaona paa la mteja upande wa pili wa maji. Daraja liko kilomita nyingi nyuma. Kwa hiyo kila mteja wa ndani nampa alama mbili: moja pale unapoacha lami, ya pili langoni. Nafuata ya kwanza kama kituo cha kupitia, ndipo ya pili. Na kabla ya kuanza safari navuta ramani mpaka mwisho wa njia niangalie kama ule mstari wa rangi unafika kwenye alama au unaishia pembeni. Ukiishia pembeni, kuna pengo, na pengo lina sababu.

Saa ya kufika iamini kwenye lami tu. Ukiingia changarawe, ongeza kwa akili yako mwenyewe. Kasi inayoonyeshwa na kifaa, hata hivyo, ni ya kweli kuliko ya dashibodi, kwa sababu dashibodi hutengenezwa isome juu kidogo kuliko mwendo halisi. Ila kikomo cha kasi kinachoandikwa pembeni usikitegemee. Mjini ni 50, magari ya mizigo na ya abiria ni 80 kwenye barabara kuu, hata skrini iseme nini.

Alama zako

Ukiwa langoni kwa mteja mara ya kwanza, hata kama alikutumia namba, gusa kile kigari kwenye skrini. Ukurasa unafunguka wenye latitudo, longitudo na mwinuko wa mahali ulipo. Hifadhi hapo hapo. Alama iliyochukuliwa na gari lako langoni ni bora kuliko iliyotumwa na simu ya mtu.

Jina lianze na mji, ndipo kazi: CHAVAKALI KUKU 3, NDORI AGROVET, SONDU NG'OMBE LAMI, SONDU NG'OMBE LANGO. Hivyo ukiandika herufi tatu, wa eneo moja wanajipanga pamoja. Ongeza neno la msimu pale panapohitajika. Nina kadhaa zilizoandikwa KIANGAZI TU, na dereva mwenzangu akichukua gari anaelewa bila kunipigia. Majina kamili ya wateja siandiki. Kifaa kikiibwa, sitaki mwizi apate orodha ya nani ana ng'ombe wa maziwa na lango liko wapi. Kwa sababu hiyo hiyo, ile alama ya nyumbani weka kwenye petroli stesheni iliyo karibu na kwako. Kutoka hapo unaijua njia.

Kila mwisho wa mwezi unganisha kifaa na kompyuta, ingia folda ya GPX, nakili faili iliyomo yenye alama zako. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hii ndiyo daftari yenyewe. Faili hiyo unaweza kuiweka kwenye kifaa cha dereva mwingine akaanza kazi akiwa na milango yote.

Barabara isiyokuwepo kwenye ramani nayo unaweza kuiongeza. Washa kurekodi njia, ipite, kisha ukiwa na muda ingia OpenStreetMap uichore juu ya ule mstari uliorekodiwa, na uandike kuwa ni ya changarawe kama ni ya changarawe. Watengenezaji wa faili za Garmin wakishachukua data mpya, pakua faili upya uweke kwenye kadi mahali pa ile ya zamani. Ramani iko kwenye kadi, alama ziko ndani ya kifaa chenyewe, kwa hiyo kubadilisha ramani hakufuti hata mteja mmoja.